Gari Lililopiga Magoti

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikuwa nachungulia chini ya gari. Majirani zangu wa mtaa wa Ibighi wakiamka wanatazama kama mvua imekatika. Mimi nafunga kanga vizuri, nainama kwenye matope, navuta boksi nililotandika jioni yake. Boksi likiwa kavu, nashusha pumzi. Likiwa na doa nalichunguza: limedondokea upande gani, ni jeusi la injini au lile jepesi la haidroliki? Nilifika mahali nikawa nalijua kwa harufu tu. Sikuzaliwa na elimu hiyo wala sikuiomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Tanga, niliyepangiwa kazi Tukuyu nikaolewa hukuhuku. Mambo ya chini ya gari niliyaletewa na mume.

Mume wangu anafanya kazi mgodini, Geita. Anakuja likizo, anakaa kidogo, anaondoka. Likizo moja akaja na shangingi. Jipya halikuwa, lilishawachosha mabwana wakubwa wa Dar es Salaam kabla ya kutufikia sisi, lakini lilikuwa linang'aa, na lilikuwa na jambo ambalo mtaani kwetu halijawahi kuonekana: halina springi. Magari ya wenzetu yamekalia springi za chuma. Hili lilikalia mafuta. Lina pampu yake, lina tanki dogo, lina mapaipu membamba yanayopita chini kwenda kila tairi, na mafuta yanayosukumwa humo ndiyo yanayoibeba bodi. Ukiingia shimoni gari linashuka na kupanda taratibu, na wewe uliyekaa ndani huhisi kitu. Karibu na gia kuna kitufe. Ukikibonyeza juu, gari linanyanyuka. Ukikibonyeza chini linashuka, bodi inakaribia ardhi, ili mtu apande bila kuinua mguu sana.

Kitufe hicho ndicho kilichotumaliza. Jioni mume wangu anasimama uani, mlango wazi, anakibonyeza, na watu wamejaa kwenye uzio. "Tazameni, linapiga magoti!" Na kweli lilikuwa linapiga magoti. Sasa huku Unyakyusani kupiga magoti si mchezo. Mwanamke anamsalimia mkubwa akiwa ameshuka chini, hata kijana wa kiume anainama, na mtu anayesalimia wakubwa huku amesimama wima anaulizwa amelelewa wapi. Kwa hiyo lile lilikuwa gari lenye adabu! Wazee walilipenda kuliko walivyonipenda mimi, mtu wa Tanga ambaye magoti yangu yalichelewa kujifunza. Mume wangu akavimba kichwa. Akakibonyeza na kukibonyeza mpaka nikamwambia, "Baba Watoto, hicho kitu kitachoka." Akaniambia mimi sijui magari. Haya. Likizo ikaisha, akarudi Geita, gari akamwachia huyohuyo asiyejua magari.

Mvua za mwaka ule hazijaisha, nikatoka asubuhi moja nikalikuta limelala mbele, upande wa kushoto, tairi imezama chini ya bodi. Nilidhani pancha. Pancha iko wapi! Tairi imejaa upepo, ni mafuta yaliyokwisha kutoka. Nikamwita fundi wa kwanza, mtu wa maneno mengi, akaingia chini, akatoka na vidole vinavyong'aa, akasema ni mafuta tu yamepungua. Akajaza ya stelingi. Nikamuuliza, "Ndiyo yenyewe haya?" Akacheka. "Mama, mafuta ni mafuta." Lo! Mafuta ni mafuta! Na mimi nikatulia kama mjinga, kwa sababu gari liliinuka palepale na lilikuwa linanisubiri kunipeleka shule. Kumbe yale mafuta ya stelingi yalikuwa yanaila mipira ya ndani, zile sili zinazozuia yasivuje. Kabla ya likizo ya shule kila kona ilikuwa inalia machozi. Leo mbele, kesho nyuma, keshokutwa kwenye maungio ya paipu. Nikanunua maboksi matupu dukani, mwenye duka akadhani nahama.

Fundi wa pili ana gereji yake hapohapo Ibighi. Huyu hakuwa na maneno, alikuwa na kisirani. Alilitazama gari kama mtu aliyeletewa mgonjwa wa mwenzake. Akamwaga mafuta yote, akabadilisha sili zilizopatikana, akanionyesha paipu la nyuma lilivyokula kutu hadi limekuwa jembamba. Nchi hii haikauki, matope yanaganda chini ya gari na chuma kinaoza. Alilikata pale palipooza, akaunga kipande, akafunga.

"Hiki ni kiraka, mwalimu," akasema. "Paipu lenyewe mpaka Dar, na sijui litafika lini. Ushauri wangu ni ng'oeni haya madude yote tuweke springi. Mtalala usingizi."

Nikampigia mume. Akafoka hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Ukiweka springi umeliua gari! Sitaki kusikia! Gari lile ni ile haidroliki, bila hiyo ni bati tu!" Nikamwambia, njoo basi uliamkie wewe hilo bati asubuhi, utandike wewe maboksi. Akakata simu. Tukabaki na kiraka.

Na fundi akanipa masharti. Gari liendeshwe kwa kimo chake cha kawaida. Kitufe kisiguswe. "Kushuka litashuka," akasema, "kushuka hakuna kazi, mafuta yanarudi tu kwenye tanki. Kazi ni kupanda. Pampu itasukuma kwa nguvu, kiraka hakitavumilia. Likipandishwa na watu ndani ndiyo kabisa." Nikachukua plasta, ile ya kubandika kidonda, nikakifunika kitufe kwa msalaba. Nikaliendesha hivyo, kwa adabu zote, na kwa muda mrefu boksi likaamka kavu.

Ndipo baba mkwe wangu akaanguka.

Nimpatie haki yake kwanza. Alikuwa mzee mwema, mwenye migomba mizuri kijijini Masukulu. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe miaka na miaka, nimemzalia wajukuu, na sikuwahi kumtazama usoni. Huku mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Akija njia hii mimi naingia kwenye migomba. Akiwa sebuleni mimi niko jikoni. Jina lake silitamki, na hata maneno yanayokaribiana na jina lake nilifundishwa kuyakwepa. Hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja, hatupandi gari moja. Siku hizi wako wanaoondoleana mwiko huo, hasa watu wa mjini, lakini ukoo wetu haukuondoleana na mtu. Wageni wanadhani ni chuki. Si chuki, ni heshima, na mimi niliikubali. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa kofia yake kwa mbali, na kwa ndizi alizokuwa ananitumia kila nikijifungua, kubwa kuliko walizopewa wakwe wengine.

Aliteleza shambani kwake wakati wa mvua, kwenye mteremko, akavunjika nyonga. Wakamkodia pikapu kumpeleka hospitali, na ile safari ya kulazwa juu ya bati, kwa barabara ile ya mawe, ilimfanya aapie kwamba pikapu hapandi tena maishani. Hospitali wakasema inatakiwa operesheni, na itafanyika Mbeya, akapewa siku yake. Wakati akisubiri siku hiyo alitakiwa alale wodini, mguu umefungwa. Hakulala. Unajua kwa nini? Nesi wa zamu alikuwa mke wa mtoto wa ndugu yake. Kwa hesabu za huku, huyo naye ni mkwe wake, sawa na mimi. Binti wa watu anakuja na beseni amwogeshe, mzee anajifunika blanketi gubigubi, analia kwa aibu. Wakamrudisha Masukulu, taratibu, kwa machela, watu wakipokezana. Daktari aliwaambia neno moja: siku ile isipite. Ikipita, mfupa utaanza kujiunga wenyewe vibaya na mzee hatasimama tena.

Kikao cha ukoo kikakaa. Mimi sikukaa kikaoni, nilipelekewa majibu jikoni. Gari litakalompeleka mzee ni gari la mwanawe, lile linalopita shimoni bila mtu kuhisi kitu. Hapo nilikubaliana nao, hata nilifurahi. Nilisema moyoni, angalau hili dudu lililoninyima usingizi litafanya kazi ya maana. Dereva awe shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye alizoea kuendesha Kanta, lile lori la ndizi, mguu mzito, mkono mzito, lakini ni mtoto wa kiume na mimi siwezi kukaa gari moja na mzee. Shangazi yao, dada wa mzee, akaongeza kwamba vitambaa vya viti vivuliwe kwanza, kwa kuwa nimevikalia. Hilo hata ndugu zake walisema anazidisha. Nikavivua, nikavifua. Ubishi wa nini?

Nikarudi kwa fundi, nikamwambia safari yenyewe ni hii, mgonjwa mwenyewe ni huyu. Akaingia chini tena, akakaza kila mahali, akajaza mafuta yenyewe, yale halisi, yaliyoletwa na basi kutoka Dar. Akarudia kuniambia: kitufe, mwalimu, kitufe. Nikampigia shemeji, nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, polepole, mara mbili. "Usilishushe, shemeji. Likishushwa haliinuki." Akasema, "Nimekuelewa, shemeji, kwani mimi mtoto?"

Siku ya safari niliamka nikatazama boksi. Kavu! Nililibusu lile boksi. Nikaendesha mwenyewe kutoka Ibighi hadi karibu na nyumbani kwa mzee, nikapita kila shimo kwa upole, na gari likawa linateleza kama limepakwa siagi. Nikaliacha barabarani, nikampa shemeji ufunguo, nikamwonyesha plasta. "Unaiona?" Akasema anaiona. Mimi nikazunguka kwa njia ya migomba, nikaingia jikoni kwa nyuma, nikakaa penye ufa wa ukuta wa mbao ambao wakwe wote wa nyumba ile wanaujua.

Wakamtoa mzee kwa machela, amefunikwa blanketi, kisogo kikielekea jikoni, kofia yake kifuani. Uwanja ulikuwa umejaa ndugu, majirani, watu wa kanisani. Shemeji akaliingiza gari taratibu, akalisimamisha mbele yake, akafungua mlango wa nyuma ambako viti vilikuwa vimelazwa na godoro limetandikwa. Gari lile ni refu. Wanaume walikuwa wengi na wenye nguvu, wangemwinua pamoja na godoro lake na wasitoe jasho. Lakini shangazi akapiga kofi.

"Gwe, wewe! Linasimamaje hivi mbele ya mkubwa? Si mlisema linapiga magoti? Linawapigia walevi wa Ibighi, kaka yangu ndiye linamsimamia?"

Watu wakacheka, wakaitikia. Ndiyo, lipige magoti! Mzee mwenyewe, kwa sauti ndogo, akasema mara moja lile jina la mwanawe wa mgodini, kwa fahari, kama anayesema laiti naye angekuwepo aone. Nikamwona shemeji akijikuna kichwa. Nikamwona anatazama jikoni, kuelekea ufa wangu. Kisha akaingia mbele, akainama kuelekea kwenye gia, na nikajua mkono wake unabandua nini.

Nikapiga kelele. "Usiguse! Shemeji, usiguse hicho!"

Vichwa vyote vikageukia jikoni. Sauti ya mkwe! Sauti ya mkwe, uwanjani, mzee akiwa hapo, amelala, hawezi kuondoka, hawezi hata kugeuka. Mzee alivuta blanketi juu ya uso wake kwa haraka mpaka kofia ikaanguka. Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja aliyesikia nilichosema. Walisikia tu kwamba nimesema. "Mnyamazisheni huyo! Anataka kumuua!" Na shemeji, kwa kuchanganyikiwa, kwa kutaka aibu ile ipite haraka, akabonyeza.

Likapiga magoti. Vizuri sana, taratibu, mbele kisha nyuma, likatulia chini. Vigelegele! Wakamwingiza mzee kwa ulaini, wakapanda watatu wa kumshika, wakafunga milango. Mimi nimeshika simu, nampigia shemeji nikiwa nyuma ya ukuta wa mbao, namwona anaitoa mfukoni, anaitazama, anakata. Nikapiga tena. Akakata tena. Simu ya mkwe haipokewi mbele ya mzee, ilikuwa imeshatosha aibu ya siku ile.

Akabonyeza juu. Nikasikia pampu inaanza kuguna, ile sauti niliyoijua kuliko sauti ya mume wangu. Ikaguna, ikavuta, bodi ikatetemeka, ikanyanyuka kidogo upande mmoja. Kisha paa! Kitu kidogo tu, hakikuwa hata na kishindo. Mafuta yakaruka kutoka chini, yakalowesha kanyagio la mlangoni na miguu ya waliosimama karibu, na gari likarudi chini likakaa. Harufu yake ikanifikia hata kule jikoni nilikokuwa.

Wakazunguka, wakachungulia, wakasukuma. Nani alijua nini? Mtu pekee aliyejua alikuwa ndani ya moshi, amekatazwa mdomo. Injini ilikuwa inawaka, tairi zinazunguka, kwa hiyo wakaona si neno, gari ni zima, limechoka kidogo tu. Na siku ndiyo ile, daktari alishasema isipite. Wakaondoka hivyohivyo, bodi imelalia vyuma, bila mafuta, bila springi, bila kitu chochote kati ya jiwe la barabara na mfupa wa mzee. Ile pikapu aliyoiapia ilikuwa na springi zake, jamani. Ilikuwa afadhali mara kumi.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa na shemeji baadaye, huku analia, na siwezi kuyaandika yote. Alienda polepole kama anayetembea kwa miguu, na bado kila kokoto lilikuwa linapanda juu. Mwanzoni mzee aliuma blanketi. Halafu akaanza kuita mama yake, mwanamke aliyekufa kabla hata barabara ile haijachongwa. Hawakufika hata kwenye lami. Akashika nguo ya aliyekuwa karibu, akasema, "Nirudisheni." Wakamwambia tata, yaani baba, vumilia, lami ni hapo. Akasema nirudisheni, au nishusheni hapa nife kwenye majani. Ni baba yao. Wakageuza.

Mimi nilikuwa nimebaki jikoni nikimenya ndizi za watakaorudi. Niliposikia gari linarudi mapema vile, nikasikia na chuma kinavyogonga chuma, nikaweka kisu chini nikarudi penye ufa.

Hakukubali tena kwenda popote. Walimbembeleza, mchungaji akamwomba, mume wangu alipiga simu kila siku. Baadaye gari la wagonjwa likaja hadi mlangoni. Akageuzia uso ukutani. Siku yake ikapita, ikapangwa nyingine, na hiyo nayo ikapita. Mfupa ukajiunga wenyewe, kama daktari alivyosema.

Na mkosaji alikuwa nani? Unauliza! Sauti ya mkwe ndiyo iliyovunja paipu. Shangazi alilisema hilo kwenye misiba ya watu, kanisani, sokoni, akalisema kwa wimbo wa masikitiko, mpaka wanawake wa Masukulu nisiowajua wakawa wananitazama. Nikawaambia ni kiraka, ni kutu, ni mafuta ya stelingi ya yule fundi mropokaji, ni kitufe! Nikawaletea kile kipande cha paipu kilichopasuka, nikampa shemeji akawaonyeshe wazee. Shemeji alisema atawaonyesha. Nilikikuta baadaye kwenye Kanta yake, chini ya kiti.

Lakini aliyenichoma kabisa ni mume wangu. Nilimpigia siku ileile jioni. Nikamwambia baba yako karudishwa, gari limelala uwanjani. Akauliza, "Limeharibika sana?" Nikadhani sijasikia. Nikamwambia rudia. Akarudia. Limeharibika sana! Nilikaa na simu sikioni, nikamsikia akipumua, halafu ndiyo akakumbuka, akauliza baba anaendeleaje. Sikumjibu. Sijui kama nimeshamjibu mpaka leo.

Likaburutwa hadi Ibighi. Yule fundi wa kisirani akang'oa kila kitu, mapaipu, pampu, na lile tanki dogo, akafunga springi za chuma. Mara hii hakuna aliyefoka kutoka Geita. Ilimchukua fundi muda mfupi kuliko nilivyodhani. Mambo yote yale, maboksi yote yale, na kumbe dawa ilikuwa kazi ya siku chache! Sasa linasimama juu, linarusha watu kama gari la kawaida, na asubuhi sichungulii chini. Kitufe kipo bado, na alama ya plasta juu yake. Ukibonyeza hakuna kinachotokea.

Mzee yuko hai. Anatolewa asubuhi anakalishwa barazani kwenye kiti chake cha mbao, anarudishwa jioni. Na njia ya kwenda jikoni inapita mbele ya baraza hilo; ile ya nyuma, tangu mzee aache kulima, imezibwa na magugu. Zamani mimi ndiye nilikuwa namkimbia au yeye ananipisha, kila mtu na miguu yake. Sasa, likisikika gari langu, mtu wa nyumbani anatoka anamgeuzia kiti. Anatazamishwa ukuta. Mimi naona mgongo, naona kofia, napita haraka nikiwa nimeinama, nasikia kikohozi kilekile. Kisha anageuzwa tena atazame migomba yake. Nimeomba mwiko uondolewe. Shangazi amesema, baada ya yote niliyoyafanya?

Jumamosi moja, si zamani, nilipeleka sukari na sabuni. Nikasimamisha gari, nikasubiri mtu atoke. Hakutoka mtu. Kumbe walikuwa wamekwenda msibani kwa jirani, wamemwacha peke yake kidogo tu. Nikapiga honi. Nikasikia mbao inakwaruza sakafu, inakwaruza tena, kisha kishindo. Alikuwa anajaribu kukigeuza kiti mwenyewe, nipite.

Nikakimbia. Nilimkuta chini, kiti kimemlalia, mguu ule mbovu umejikunja. Nikaita watu kwa nguvu zote, migomba tu ikaniitikia. Basi nikainama, nikampitishia mikono kwapani, nikamwinua. Alikuwa mwepesi jamani, mwepesi kuliko ndoo ya maji. Nikauona uso wake kwa mara ya kwanza, na ni uso wa mume wangu, uliochoka. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano. Hakuyafumbua hata nilipomkalisha.

Akasema, macho yamefumbwa, kwa Kiswahili chake kizito, "Lilipona lile gari?"

Nikamwambia, "Lilipona, baba."

"Bado linapiga magoti?"

"Hapana, baba. Siku hizi linasimama tu."

"Heri yake," akasema.

Nikamwokotea kofia, nikamvalisha. Macho hayakufumbuka, na mikono yake ilikuwa inapapasa ukingo wa kiti, inatafuta namna ya kukisukuma. Nikaelewa anachotaka. Nikakishika kiti kwa nyuma, nikakigeuza mimi mwenyewe, polepole, mpaka magoti yake yakagusa ukuta. Ndipo nikapita na sukari yangu kwenda jikoni.